Matundu Matano ya Dada Yetu: Upasuaji wa Kiungulia Baada ya Miaka 12



Leo hatuzungumzii singo wala piko. Tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunakimeza kimya kimya pamoja na kidonge: kiungulia. Si kile cha siku moja baada ya urojo wa pilipili, ukinywa maji kimekwisha. Tunasema kile kinachokaa miaka, kinachokuamsha usiku na maji machungu kooni, kinachokufanya uiogope sijda ya tarawehe kwa sababu ukiinama tu, futari yote inapanda. Na tunataka kuzungumzia upasuaji wa matundu madogo unaokitibu. Wengi husimulia siku ya upasuaji. Wachache husimulia mwaka wa tano, wa nane, wa 12.

Sisi ni ndugu watatu, mabinti wa Ugweno. Wawili tumeolewa Unguja, na dada yetu mkubwa yuko Maskati na mumewe. Tunaandika sisi wawili, lakini dada ameupitia kila mstari kabla hatujautoa, na yanayomhusu ametupa ruhusa kuyasema. Kwa msioijua, Ugweno iko Upare ya Kaskazini, juu ya mji wa Mwanga, kwenye baridi, migomba na kahawa. Ukisimama upande wa mashariki unaliona Ziwa Jipe huko chini, na mbingu zikiwa safi unauona na Kilimanjaro. Kwetu Waislamu na Walutheri wanaishi ukuta kwa ukuta, mara nyingi ukoo mmoja, na chungu cha makande hakiulizi dini ya mtu.

Kilichotufanya tuandike ni binti wa mjomba wetu, ambaye nikahi yake imekaribia in shaa Allah. Ana kiungulia mwaka wa nne sasa. Jamaa mmoja kamwambia kuna upasuaji wa matundu madogo, unafanywa mara moja na ugonjwa unakwisha milele. Mjomba akaanza kutafuta mnunuzi wa kipande cha shamba la kahawa. Binti akatupigia simu: "Dada zangu, nyinyi mmemuona dada mkubwa. Ni kweli ni milele?"

Hilo neno moja, milele, ndilo tulilokaa nalo wiki nzima.

Kwanza, kinachotokea ndani

Chakula hupita kwenye umio, bomba linalotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wa umio kuna msuli unaofanya kazi ya mlango: unafunguka chakula kipite, kisha unajifunga. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, nacho husaidia kuubana mlango huo. Mlango ukilegea, au sehemu ya tumbo ikipenya juu ya kiwambo, ambayo ni aina ya ngiri, asidi inarudi juu. Tumbo limeumbwa kuihimili asidi. Umio haukuumbwa hivyo, ndiyo maana unaungua.

Kwetu wanawake kuna ya ziada. Mimba huulegeza mlango huo kwa homoni na kuusukuma kwa uzito wa mtoto, ingawa kiungulia cha mimba mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Unene huongeza msukumo. Mkanda wa kubana tumbo chini ya gauni la harusi nao husukuma. Na ile tabia ya bibi harusi kunywa siki na maji ya ndimu asubuhi ili apungue, kwa mwenye kiungulia ni kutia chumvi kwenye kidonda.

Mlimani wapo wanaolamba magadi. Hutuliza kidogo kwa sababu huizima asidi iliyopo, lakini mlango unabaki wazi, na sodiamu yake nyingi si nzuri kwa mwenye presha. Tangawizi ya Same nayo kila mtu anakuambia ni dawa. Wako inaowafaa na wako inaowachoma. Usikilize mwili wako.

Upasuaji wenyewe

Daktari huichukua sehemu ya juu ya tumbo, akaipitisha nyuma ya umio na kuizungushia, kisha akaishona, kama unavyozungusha mtandio shingoni. Upenyo wa kiwambo ukiwa mpana, anaukaza kwa nyuzi. Hivyo tumbo linapojaa, ule mzunguko unaubana mlango.

Aliyeanzisha njia hii ni Rudolf Nissen, daktari mpasuaji wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933 aliondoka kwao akaenda kufundisha Istanbul, na huko mwaka 1936, akimpasua mgonjwa mwenye kidonda mwisho wa umio, aliuzungushia umio sehemu ya tumbo ili kuulinda mshono. Miaka mingi baadaye, mwaka 1955, akiwa Basel Uswisi, aliitumia njia hiyo kwa makusudi kutibu kiungulia. Wakati huo tumbo lilipasuliwa wazi. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Ubelgiji akachapisha taarifa ya kuifanya kwa kamera na vifaa virefu vinavyopita kwenye matundu madogo. Mara nyingi ni matundu matano, na ndiyo aliyonayo dada yetu. Makovu yake leo ni madogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho.

Kuna wanaozungushiwa duara kamili, na kuna wanaozungushiwa robo tatu yake tu ili kumeza na kutoa hewa kuwe kwepesi. Hilo ni la kumuuliza daktari kabla, si baada.

Takwimu zinasemaje

Tusingependa mtegemee hadithi ya dada mmoja. Kwa hiyo tumezisoma tafiti kubwa za wenzetu waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka.

Sweden waliwafuatilia watu wazima 2,655 waliofanyiwa upasuaji huu kwa matundu madogo kati ya mwaka 2005 na 2014, kwa wastani wa miaka mitano hivi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2017. Waliorudiwa na ugonjwa ni 470, karibu 18 katika kila 100. Wengi wao, karibu 84 katika kila 100, walirudi kwenye vidonge kwa muda mrefu, na waliobaki walipasuliwa tena. Matatizo ndani ya siku 30 za mwanzo yaliwapata kama wanne katika kila 100.

Sasa sikilizeni hili, wanawake wenzetu. Kwa wanaume waliorudiwa ni kama 14 katika 100. Kwa wanawake ni 22 katika 100. Umri mkubwa na maradhi mengine pia viliongeza uwezekano. Yaani zaidi ya robo tatu ya wanawake hawakurudiwa katika miaka hiyo, alhamdulillah, na hilo si dogo. Lakini mmoja katika kila watano na kidogo alirudiwa. Hiyo si milele.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika nchi 11 za Ulaya kwa watu 554. Nusu walipewa vidonge vya kila siku, nusu wakafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Wote walikuwa watu ambao dawa ilikuwa ikiwasaidia. Baada ya miaka mitano, 92 katika 100 wa vidonge walikuwa katika hali nzuri, na wa upasuaji 85 katika 100. Upasuaji ulishinda katika jambo moja kubwa: maji na chakula kurudi kooni. Wa vidonge 13 katika 100 waliendelea kucheua, wa upasuaji wawili tu. Lakini waliosumbuliwa na kumeza walikuwa 11 kwa waliopasuliwa dhidi ya watano kwa wa vidonge, waliojaa gesi 40 dhidi ya 28, na waliotokwa na upepo kwa wingi 57 dhidi ya 40.

Wa tatu ni wa Marekani, kwa askari wastaafu, uliochapishwa mwaka 2019. Watu 366 walipelekwa kwa sababu kiungulia chao hakisikii dawa. Walipofundishwa kuinywa dawa ipasavyo, nusu saa hivi kabla ya kula, asubuhi na jioni, 42 walipata nafuu bila ya kitu kingine. Na 99 walipopimwa kwa kina, haikuwa asidi inayopanda. Upasuaji usingewafaa kitu. Mwisho wakabaki 78 ambao kweli ilikuwa asidi na kweli dawa ilishindwa. Miongoni mwa hao, waliopasuliwa walifanikiwa 67 katika 100 kwa mwaka mmoja, na walioongezewa dawa 28 katika 100.

Tulipouweka utafiti huo mbele ya binti wa mjomba, alikaa kimya kwenye simu, kisha akacheka. "Mimi nakunywa changu usiku nikishakula ndizi, ndiyo nalala."

Miaka 12 ya dada yetu

Dada alipasuliwa Maskati akiwa na mtoto mmoja. Alikuwa ameshapimwa kila kipimo, ana ngiri ya kiwambo, na maji yalikuwa yakimpanda hadi kumkaba usiku.

Wiki za mwanzo alikula uji, supu na mtori uliosagwa laini. Mkate, chapati na nyama ndivyo vilivyokuwa vikikwama zaidi, akajifunza kutafuna mpaka kitu kiwe maji. Kumeza kulikaa sawa baada ya miezi kadhaa. Anatuambia usiku wa kwanza aliolala chali bila mito mitatu alilia. Na sijda aliyoisujudu akikaa mpaka aridhike mwenyewe, si mpaka koo limfukuze, hiyo hana bei ya kuiwekea.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemwambia, na analisema leo kwa ajili yenu. Baada ya upasuaji wengi hawawezi kwenda mbweu kama zamani, kwa sababu mlango umebanwa. Hewa iliyomezwa ikikosa njia ya juu, inatafuta ya chini. Udhu ukawa ni mtihani. Alitawadha mara tatu kwa sala moja, akaanza kuikwepa jamaa ya wanawake kwa aibu.

Alimuuliza mwanachuoni. Akaelezwa mambo mawili. Kwanza, shaka tupu haivunji udhu, mpaka mtu awe na yakini kuwa kimetoka kitu. Pili, mtu ambaye hali yake ni ya kudumu, hapati hata nafasi ya kutawadha na kusali kabla hakijamtoka, huyo ana udhuru: anatawadha wakati wa sala ukishaingia, anasali, na sala yake ni sahihi. Dada hakuwa wa kundi la pili, lakini kujua kuwa dini ina mlango kwa kila hali kulimpa pumzi. Akaacha soda, akaacha kula haraka huku akizungumza, akapunguza maharage, akapata nafuu kubwa. Msiikate ibada zenu kwa aibu. Ulizeni.

Miaka saba hakugusa kidonge. Kisha akazaa mtoto wa tatu, uzito ukaongezeka, na mwaka wa nane moto ukaanza kurudi usiku mmoja mmoja. Alipopimwa kwa kamera, ule mzunguko ulikuwa umelegea kidogo. Daktari hakuona haja ya kumpasua tena, kwani upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Sasa anakunywa kidonge kimoja, si kila siku, na maji hayampandi kooni kama zamani.

Tulimuuliza kama angefanya tena. Akasema: "Ningefanya. Ila mtu asiniambie milele. Aniambie miaka mizuri, kisha aniambie na mengine."

Jambo la mlimani ambalo haliwezi kungoja

Hapa tunawasemesha zaidi shangazi zetu wa Ugweno na Usangi. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Kilimanjaro imo ndani yake. Si kila saratani hiyo inatokana na kiungulia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai yetu ya baridi ya asubuhi tunainywa ikiwa bado inatoa moshi. Iacheni ipoe kidogo.

Na chakula kikianza kukwama, ukapungua uzito bila sababu, ukatapika damu, ukapata choo cheusi kama lami au ukaishiwa damu, usiendelee kununua vidonge vya dukani ukiviita dawa ya vidonda vya tumbo. Teremka Mwanga, na wakikuandikia rufaa nenda KCMC Moshi ukapimwe kwa kamera. Wala mtu asikudanganye kuwa upasuaji wa kiungulia ni kinga ya saratani. Haujathibitika kuzuia saratani ya umio kuliko dawa zinavyofanya.

Bibi harusi wetu aliamua nini

Kulikuwa na suala la pili, zito kuliko la pesa. Wapo jamaa waliosema mchumba asiambiwe, harusi ipite kwanza. Sisi tulisema hapana. Kiungulia si aibu, na ndoa inayoanza kwa kuficha vidonge chini ya mto itaficha na mengine. Binti alimwambia mwenyewe, mbele ya mama yake. Mchumba akauliza swali moja tu: "Sasa kitanda tukiinue upande wa kichwa kwa matofali mangapi?" Tuliposimuliwa, tulijua mjomba kapata mkwe.

Kwa sasa binti anakunywa dawa yake nusu saa kabla ya chakula, kama daktari wake alivyomwelekeza. Anakula mapema, halali mpaka zipite saa tatu, analalia ubavu wa kushoto. Gauni lake limeachiwa kiunoni na fundi. Amekwenda kupimwa kwa kamera na umio hauna kidonda, alhamdulillah. Usiku anaoamshwa umepungua, haujakwisha.

Upasuaji hajaufuta. Amesema anataka kwanza azae, Mwenyezi Mungu akimjaalia, kwa sababu mimba na kutapika kwa nguvu vinaweza kuulegeza mshono, na yeye si mtu wa kupasuliwa mara mbili. Kama baada ya hapo dawa zitashindwa na vipimo vikithibitisha kuwa ni asidi, atakwenda akiwa anajua. Mjomba hakufurahi sana. Alitaka kumpa mwanawe kitu kikubwa kabla hajatoka nyumbani. Tulimwambia shamba lisilouzwa nalo ni zawadi.

Nawe msomaji unayefikiria jambo hili, mbebee daktari maswali haya: Je, vipimo vimethibitisha kuwa ni asidi inayopanda? Nimekunywa dawa sawasawa na bado? Nitazungushiwa duara kamili au robo tatu? Wewe umefanya upasuaji huu mara ngapi, na wagonjwa wako wa miaka mitano iliyopita wako vipi? Ukirudi, nani atanishughulikia? Ukiwa na bima, uliza mapema kama inalipia.

Na Ramadhani ikifika, panga na daktari saa za dawa, daku na futari. Akikuambia mwili hauwezi, ruhusa ya mgonjwa ni rehema ya Mola wako. Ipokee, utalipa siku nyingine.

Tunamuomba Allah awaponye wote wanaoungua kimya kimya, awape mabibi harusi wetu ndoa za utulivu, na atujaalie tusujudu kwa raha mpaka siku yetu ya mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq.